Miguu ya Kiti cha Henzirani

Siku ya mnada Katesh, katikati ya kelele na vumbi, ng'ombe watatu walikunywa maji yote ya pipa la Gaudensia, msuka viti, na fito zake za henzirani zikabaki hazina pa kulowekwa.

"Zikikauka hazipindiki!" alimfokea mwenye ng'ombe, kijana mrefu aliyejitupia shuka jekundu juu ya jinzi.

"Samahani, dada. Wao wanajua maji ni maji."

"Na wewe?"

"Mimi naenda kukuchotea mengine."

Kijana huyo, Hermani, alichota, kisha akabaki kumwangalia akisuka. Akaagiza viti viwili vya nyumba yake mpya ya bati kule Gendabi. Simu nazo zikaanza.

"Fundi wangu, umelalaje?"

"Vibaya. Nimeota ng'ombe wako wamerudi kwenye pipa."

"Si ng'ombe hao, ni mimi."

Gaudensia alicheka peke yake kama mwehu. Alivisuka viti virefu, vya kisasa, migongo akaipinda kama pembe za ng'ombe wale wezi wa maji. Hakuwahi kutengeneza kitu kizuri hivyo.

Siku alipoalikwa Gendabi alivaa gauni la kitenge cha njano. Akakuta kiti kimoja kimekatwa miguu kwa msumeno!

"Hermani! Kama hukukipenda si ungesema?"

"Gau, nisikilize kwanza..."

Hakusikiliza. Aliondoka analia, akijua mapenzi ndiyo yameishia hapo. Njiani simu iliita, akaikata. Ikaita tena. Akaipokea ili amtukane vizuri.

"We mwanaume huna hata aibu!"

"Ni mama yake, mwanangu."

"Yesu wangu! Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi nimezoea kigoda. Kwenye kiti chako miguu ilining'inia kama ya mtoto, nikagoma kukaa. Ndiyo mwanangu akakikata. Sasa sitaki hata kushuka. Wewe unakimbia nini?"

Gaudensia alirudi, uso unamwaka kwa aibu. Mama alikuwa ametulia kitini, nyayo zimegusa sakafu.

"Na hiki kirefu ni cha nani?" Gaudensia aliuliza taratibu.

"Cha mke wangu," alisema Hermani. "Ukikubali."

Gaudensia alikitazama kiti, akamtazama mama.

"Lete msumeno."

"Umekasirika tena?"

"Nikae juu kuliko mama mkwe wangu? Lete msumeno, Hermani."