Legeza Nikiona

Basi la saa tatu asubuhi liliondoka na kitindamimba wake aliyekuwa anakwenda chuoni, na mama akabaki stendi katikati ya wauza maji na wakata tiketi, mkono bado uko juu. Alivaa gauni la samawati na viatu vyake vya kanisani. Ili asilie, akaanza kuimba chini kwa chini.

"Sauti hiyo naijua," mtu alisema nyuma yake.

Akageuka. Ni mwanamume mwenye mvi kidevuni, shati jeupe lililonyooshwa vizuri, begi la safari mkononi. Alimtambua: mpiga gitaa wa bendi yao ya zamani, waliyemwita Nyuzi.

"Chiriku," Nyuzi akamwita kwa jina lake la jukwaani. "Nilidhani sauti uliisahau kwenye masufuria."

"Nimewaimbia watoto walale miaka ishirini na mbili. Hakuna hata mmoja aliyepiga makofi."

"Walilala?"

"Walilala."

"Basi ulifanya kazi. Mimi wanaolala nikipiga ni wateja."

Chiriku alicheka, akashangaa kujisikia akicheka. "Usikose basi lako kwa ajili yangu."

"Bado halijafika," Nyuzi alisema, akalihamishia begi mkono wa pili, kisha akamwomba namba ya simu.

Jioni ile Chiriku aliweka vikombe viwili mezani kwa mazoea, kisha akakirudisha kimoja kabatini. Alipiga magoti. Hakuomba mengi, alimwomba Mungu ampe mtu wa kumwuliza ameamkaje.

Asubuhi simu ikalia. "Umeamkaje, Chiriku? Jumapili ya mwisho wa mwezi tunapiga hotelini, saa kumi alasiri. Njoo uimbe."

Akaanza mazoezi na bendi. Wimbo wake wa zamani ulikuwa na kilele cha sauti ambacho waimbaji wengi walikikimbia, lakini kilimtoka bila shida, kana kwamba miaka haikupita. Na kila asubuhi Nyuzi alipiga simu.

"Kula yai, mpenzi. Koo halipandi mlima na njaa."

"Umekuwa daktari?"

"Mimi ni mgonjwa wako."

Alikata simu akitabasamu peke yake jikoni.

Alhamisi kabla ya onyesho alitoa kaseti yake ya zamani, akaiweka kwenye redio na kuimba pamoja nayo. Kwenye kilele sauti ikakatika. Akarudisha nyuma, akaanza upya. Ikakatika palepale. Akavuta kiti akakaa. Sasa alielewa: kwenye mazoezi Nyuzi na wenzake walilegeza nyuzi za magitaa yote, wimbo mzima ukashuka hadi sauti yake ilipofikia kwa umri. Bendi nzima ilijua, isipokuwa yeye.

"Mliushusha wimbo," alimwambia Nyuzi kwenye simu.

"Kidogo tu, mpenzi. Niliogopa ukikikosa kilele siku ya kwanza, hutarudi ya pili."

"Kwa hiyo nilikuwa najisifu, nyinyi mnanitazama."

"Hakuna aliyecheka."

"Marehemu mume wangu alinificha ugonjwa wake mpaka mwezi wa mwisho. Alisema hataki nihangaike. Nilimzika sijamaliza kumwuliza maswali. Naye aliita hayo mapenzi."

"Chiriku, nisikilize."

"Tafuteni mwimbaji mwingine."

Kwa siku mbili simu haikulia, kwa sababu aliizima. Nyumba ilikuwa kimya kiasi cha kusikia friji ikizima na kuwaka. Aliomba aondolewe hasira. Badala yake akakumbuka jinsi kifua chake kilivyojaa kila alipoimba kwa ile sauti ya chini. Sauti ile hakupewa na Nyuzi. Ilikuwa yake, na alikuwa hajaishukuru.

Jumapili, saa kumi kasoro robo, aliingia ukumbini na gauni jekundu lililombana kidogo kiunoni. Watu walikuwa wamekaa, vijiko vinagonga vikombe. Nyuzi alimwona, akasahau kufunga kifungo cha koti.

"Kaza nyuzi mpaka pale pa zamani," Chiriku alimwambia.

"Hutafika, mpenzi."

"Najua. Kaza."

Nyuzi akakaza. Chiriku akakijaribu kilele kwa sauti ndogo, akatikisa kichwa. "Sasa legeza, nikiona."

Akalegeza polepole, macho yake mdomoni kwa Chiriku.

"Bado. Bado kidogo. Hapo."

Wenzao wakalegeza zao, wimbo ukaanza. Waliomkumbuka walitega sikio wakisubiri ule mlio wa juu, nao haukuja. Ilikuja sauti ya mwanamke aliyewabembeleza watoto wenye homa mpaka kukapambazuka, na vijiko vikanyamaza.

Walipokuwa wakikunja nyaya, Chiriku akauliza, "Kuna kingine unachonificha?"

"Kimoja."

"Sema."

"Siku ile stendi sikuwa na safari. Tangu nibaki peke yangu, Jumamosi huwa nakwenda kukaa penye watu. Nikibeba begi, hakuna anayeniuliza nangoja nini. Ndani hamna kitu."

Chiriku akamaliza kuukunja waya wake, akamkabidhi.

"Jumamosi hii usiende stendi," alisema. "Njoo kwangu, vikombe viwili vipo. Na hilo begi usililete tupu."