Mafundi Tisa wa Kwenye Karatasi

Mume wangu ana jembe moja na spana ishirini na sita. Jembe analishika nusu saa asubuhi, kabla jua halijakaza. Spana anazishika mpaka jioni. Anatengeneza pampu za maji, mashine za kusaga, na mitambo ya kupoza maziwa katika kiwanda kilicho karibu na stendi. Akirudi, mafuta yamemfika viwikoni. Sabuni nyumbani kwetu haikai.

Mimi nashona sare za shule. Sijisifu, lakini ukosi nilioushona mimi haukunjamani. Waulize walimu.

Binti yetu mkubwa amerithi mikono ya baba yake. Alipomaliza shule alitaka jambo moja tu: kusomea mitambo katika chuo cha ufundi cha wilaya. Tukajibana mwaka mzima tupate ada yake.

Jumatatu moja akaenda kuchukua fomu. Alirudi mapema mno, mikono mitupu, akakaa kizingitini.

"Darasa la mitambo linafungwa," akasema. "Hawapokei wanafunzi wapya mwaka huu."

"Kwa nini?" nikauliza.

"Wanasema takwimu zinaonyesha mafundi hawahitajiki. Kazi ni chache na ujira ni mdogo. Wameniambia nichague kilimo au nikae nyumbani."

Hapo akalia. Yule si mtoto wa kulialia. Iliniuma sana.

Baba yake alikuwa ananawa uani. "Hawahitajiki? Mimi tangu Ijumaa sijala mchana nikiwa nimekaa. Watu wananivuta huku na huku kama kamba."

Jirani yetu mmoja ni karani wa takwimu katika ofisi ya kazi ya wilaya. Amepanga chumba nyuma ya duka la viatu. Mtaani tunamwita Bi Hesabu, naye anaitika. Nilimfuata, akaja na karatasi mkononi.

"Shemeji, tazama," akamwambia mume wangu. "Karatasi hii inaonyesha watu wa kata yetu wanafanya kazi gani na wanapata nini. Kila mstari ni aina moja ya kazi. Hapa ni idadi ya watu. Hapa ni wastani wa ujira kwa mwezi. Kuna mwaka juzi, mwaka jana na mwaka huu. Ukitaka kujua kazi inakua au inakufa, usitazame mwaka mmoja. Tazama yote mitatu. Na usitazame ujira peke yake, tazama na idadi."

Tukainama wote juu ya meza. Kilimo kilikuwa na watu wengi kuliko kazi zote, na ujira wake ulishuka kila mwaka. Ujenzi ulikuwa unapanda kidogo kidogo. Mafundi mitambo walikuwa tisa.

"Tisa?" Mume wangu akaanza kuhesabu kwa vidole. "Mimi. Kaka yangu. Kipara wa mashine ya kusaga. Wale mapacha wa stendi." Vidole vikamwishia, akaazima vya binti. Alifika kumi na saba, na hapo hakuwataja vijana wanaojifunza. "Sasa hawa wote wamekwenda wapi?"

Bi Hesabu akatabasamu. "Shemeji, mwezi wa pili nilipita mlangoni kwako. Nilikuuliza unafanya kazi gani. Ulinijibu nini?"

Mume wangu akajibu: "Mkulima."

"Na wenzako wote walijibu hivyo hivyo. Mtu amevaa ovaroli imelowa mafuta, ananiambia ni mkulima. Mimi naandika ninachoambiwa."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Bi Hesabu akanigeukia. "Na wewe dada, uliniambia ni mama wa nyumbani. Mguu wako ulikuwa kwenye pedeli ya cherehani." Kicheko kikaniishia pale pale.

"Basi hao tisa ni akina nani?" binti akauliza.

"Ni vijana wanaojifunza kazi. Wao walisema kweli, kwa sababu wanaona fahari kuitwa mafundi. Lakini malipo yao bado madogo. Kwa hiyo ujira wa fundi ukaonekana mdogo, na mafundi wakaonekana wachache. Katika kata nyingine nako ni hivyo hivyo. Chuo kikasoma, kikafunga darasa. Msimamizi wa kiwanda cha maziwa naye anasoma karatasi hii hii anapopanga malipo."

"Tuliogopa kodi," akasema mume wangu. "Ukisema fundi, kesho wamefika."

"Majibu yako hayaendi kwa watu wa kodi. Jina lako halitoki ofisini kwetu. Kinachotoka ni jumla tu." Akatoa fomu mfukoni. "Kosa hili linarekebishika mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Andika kazi iliyokula saa zako nyingi mwezi uliopita, na kiasi ulichopata kweli. Usipunguze, usiongeze."

Mume wangu hakuigusa ile fomu.

"Shamba hili aliniachia baba," akasema. "Baba alikuwa mkulima, na babu vile vile. Nikiandika fundi, naona kama nimewakana."

Nilimhurumia, lakini pia nilikasirika. "Baba watoto, mahindi ya shamba hilo yanatufikisha miezi minne. Miezi minane tunalishwa na spana na sindano. Mficha uchi hazai. Unamficha nani?"

Binti akasema taratibu, "Baba, shamba halitakwenda popote. Mimi ndiye ninayekaa bure."

Akachukua kalamu. Akaandika polepole: fundi mitambo. Chini yake palikuwa na mstari wa kazi ya pili. Akatoa macho. "Kumbe naweza kuandika na mkulima?"

"Unaweza," akasema Bi Hesabu. "Mwezi wa pili hukuningoja nifike hapo. Ulishika jembe ukaondoka."

Mimi nikajaza yangu: fundi cherehani. Sikuwahi kujiandika hivyo popote.

Wiki ile mume wangu aliwazungukia wenzake. Haikuwa rahisi. Kipara alimwambia, "Wewe umetumwa na watu wa kodi." Ikabidi amwonyeshe nakala ya fomu yake mwenyewe. Mapacha walibishana nani ajaze kwanza. Kufika Ijumaa ya mwisho, kumi na watano kati ya wale kumi na saba walikuwa wamejaza. Wawili walikataa, na mpaka leo wanasema ni mtego. Makarani wengine nao walifanya kazi hiyo katika kata zao.

Baada ya miezi miwili karatasi mpya ilibandikwa. Mafundi mitambo wa kata yetu sasa walikuwa ishirini na wanne, na ujira wao ulikuwa umepanda. Chuo kikafungua darasa tena, kwa majaribio, wanafunzi kumi na wawili tu. Binti yetu alikuwa wa nne katika orodha.

Likizo yake ya kwanza alifuatana na baba yake kiwandani. Pampu ya mtambo wa kupoza maziwa ilikuwa imekwama. Wakaifungua, wakabadilisha beringi, ikanguruma.

"Ahsante, fundi," akasema msimamizi. "Nitakulipa kama kawaida."

Mume wangu akaitikia, kama alivyozoea kuitikia. Binti akauliza kwa adabu, "Samahani mzee, kawaida ya mwaka gani?"

Msimamizi akamtazama. Karatasi mpya ilikuwa ukutani nyuma yake. Akageuka, akautafuta mstari wa mafundi, akausoma. Kisha akafungua droo na kuongeza noti.

Mume wangu aliharakisha kurudi. Alipofika nyumbani alinisimulia kisa hicho mara tatu.

"Miaka mitatu ananilipa vile vile, mama watoto," akasema. "Na mimi sijawahi kuuliza."