Dafu la Daktari

Simu ilitetemeka sikioni.

"Kobe, una dakika kumi." Ilikuwa sauti ya Japheth, mkubwa wake katika polisi wa siri, akimwita kwa jina la kazini.

"Nimo ndani," Muhsina alinong'ona, bila kuikata simu.

Alikuwa kwenye foleni ya wagonjwa wa figo, katika nyumba ya kukodi Diani, uso ndani ya nikabu, bastola ya Glock ndani ya buibui. Kwenye kiti cha kwanza alikaa mama yake mzazi, Mwanafatuma, aliyeamini bintiye ni karani wa bandari.

Muhsina hakuwa amemtarajia.

Watu watatu wa Msambweni walikuwa wamekwisha kufa kwa sindano za magendo zilizodungwa humu. Aliyezidunga alijiita Daktari Ubeid, akadai chupa zake zina kloto, ile protini ambayo figo hutengeneza na inayosaidia mwili kutoa fosfeti iliyozidi. Figo zikichoka, kloto hupungua, na mtu huzeeka kabla ya wakati. Hayo yalikuwa ya kweli, ndiyo maana uongo wake ulinunulika.

Ila Daktari Ubeid halisi alikuwepo, mtafiti wa heshima zake, na huyu hakuvua barakoa hata mara moja. Amri ilikuwa asiguswe mpaka ipatikane hakika kwamba siye Ubeid.

Mlango ulifunguliwa. Mtu wa barakoa aliingia na sinia.

"Shikamoo mama," alisema kwa adabu, akampa Mwanafatuma dafu lililokatwa kichwa. "Kunywa kwanza upoe, ndipo nikudunge."

Ukarimu wa pwani huo, na mama hakutaka kumvunjia mtu heshima. Alilipokea.

Muhsina alilitazama dafu. Miaka miwili amempeleka mama kusafishwa damu, na kila daktari amewaonya juu ya madafu: potasiamu yake humsimamishia moyo mgonjwa wa figo. Daktari wa figo hakosei hapo hata usingizini.

Aliruka. Dafu likamwagika sakafuni.

Mdomo wa bastola ukatua shavuni kwa yule bwana.

"Ingieni," aliiambia simu. "Huyu siye Ubeid."

Vijana wa Japheth walimfunga pingu, wakaanza kutia chupa kwenye mifuko ya ushahidi. Mwanafatuma alikuwa ameijua ile sauti. Hakuitazama bastola, alizitazama chupa.

"Ungeniacha nidungwe, mwanangu," alisema taratibu. "Dawa ya kweli ikija, mimi sitaiwahi."



Muhsina alirudisha bastola ndani ya buibui, akatoka juani bila haraka. Kesho ilikuwa siku ya mama kusafishwa damu kwa mashine. Saa mbili asubuhi angempitia, kama kawaida.