Tonge la Tano

"Tonge la nne limepita," lilisema jiko-akili kwa sauti tamu ya mtangazaji wa redio. "La tano halipiti, Mwamvita. Nawa mikono."

Mwamvita aliliweka tonge pembeni mwa sahani, akanawa. Angebishana vipi? Madaktari walikuwa wameupunguza mfuko wake wa chakula ukabaki mdogo kama yai la bata, na mlangoni pa mfuko huo wakamweka bawabu. Bawabu ni pete laini, nyembamba kama uzi wa kushonea viatu, inayolegea na kukaza yenyewe. Akisema halipiti, halipiti. Ukilazimisha, linarudi lilikotoka, tena mbele za watu.

Aliyembuni bawabu huyo alikuwa mezani hapo hapo, anakula ugali na mlenda bila kuhesabiwa na mtu. Ni Mhandisi Kalunde, dada wa mume wa Mwamvita, Maganga. Kila Jumatatu mchana alishuka kutoka maabara yake, ghorofa ya arobaini, akapanda treni ya sumaku kuja kula kwa mama yake, Bi Nyamizi, aliyeishi na Maganga na Mwamvita.

Jamani, tumtendee haki Kalunde. Hakukusudia ubaya. Watu wa Tabora walikuwa wanapasuliwa, wanapungua, wanapigiwa vigelegele. Mwaka wa tatu mfuko unatanuka, soda zinarudi mezani, na kilo zinarudi na nyongeza. Kupungua kumbe si kazi, kazi ni kubaki pale ulipofika. Bawabu alibaki na mtu. Yeye na jiko-akili walipanga mlo wa kila siku: samaki au maharage kwanza, ugali mwisho, maji baada ya nusu saa, vidonge vya vitamini maisha yote. Kiti kilipima uzito. Ukivuka mstari wako kwa nusu kilo unapunguziwa tonge, ukirudi unarudishiwa.

Mwamvita alikuwa wa kwanza kuwekewa. Alitoka kilo mia na ishirini na sita akafika sabini na mbili, na hapo ndipo mstari wake ulipochorwa. Mwisho wa mwezi angesimama mbele ya tume ya afya aonekane kwa macho, nayo tume ingeamua kama bawabu aingie hospitali zote za nchi.

"Wifi, hayo mashavu!" Kalunde alimtania. "Chupa ya asali unaificha wapi?"

"Asali mnaficha nyie, ukoo mzima wachoyo!"

Wakacheka, hata Bi Nyamizi. Jiko likaingilia kati.

"Swali la Jumatatu. Mwamvita, kuna badiliko lolote mwilini? Ugonjwa, dawa mpya, ujauzito?"

Bi Nyamizi akaacha kutafuna, akamtazama mkwewe. Jirani aliyekuja kuazima ungo naye akasimama mlangoni, masikio wazi.

"Hakuna," alisema Mwamvita.

Alikuwa na miezi minne na nusu. Maganga peke yake ndiye aliyejua. Mara mbili huko nyuma walitangaza mapema, na mara mbili watu waliokuja na hongera walirudi na pole. Safari hii walikubaliana kufunga midomo mpaka tumbo liseme lenyewe, na madera mapana yaliwasaidia. Nani angewalaumu? Mimba changa haitangazwi. Kila mtu Tabora analijua hilo, isipokuwa jiko.

Kesho yake asubuhi Kalunde alikaa mbele ya kioo cha maabara akausoma uzito wa wifi yake: kilo sabini na nne. Mwezi mzima bawabu alikuwa akipunguza matonge, kutoka manane hadi manne, na bado mstari unapanda. Akaona jambo moja tu. Asali ni ya maji, inampenya bawabu.

"Ananiibia," alisema kwa hasira. "Ataniaibisha mbele ya tume."

"Tumpigie simu kwanza, Mhandisi?" aliuliza Lugendo, msaidizi wake.

"Nimpigie anidanganye? Jana nimekula naye, ananichekea usoni."

Akabonyeza kwa kidole chake mwenyewe: kaza, daraja la pili. Matonge mawili. Vimiminika, robo kikombe.

Nyumbani Maganga alimkorogea mkewe uji wa karanga, ukarudi. Akamkorogea mwepesi zaidi, nao ukarudi.

"Nimwambie dada," alisema.

"Ngoja. Jumatatu ijayo nitamvuta chumbani nimwambie mwenyewe. Nakuomba, baba."

Jumatatu haikufika. Ijumaa Mwamvita alianguka bafuni. Kalunde alipofika hospitali, daktari alimweleza bila kupamba maneno: damu imeisha mwilini, mama amekaa na njaa muda mrefu, mtoto wa kiume hakuwa na cha kukulia. Amekwenda.

Kalunde alikaa ukingoni mwa kitanda cha Mwamvita.

"Kwa nini hukusema, wifi? Niliweka swali. Ningeweza kumwamuru bawabu apime damu, nikaona ni kumvunjia mwanamke heshima. Nikasema tumuulize kwa adabu."

"Uliniuliza kwa sauti," Mwamvita alisema polepole, "mbele ya mama, mbele ya jirani. Mimba ya mwanao Shija, wewe ulimwambia nani?"

Kalunde alikumbuka koti jeupe la maabara alilolivaa hadi mimba ilipofika miezi sita, joto lote lile, na jinsi alivyomwambia Lugendo kwamba tumbo lile ni gesi tu. Hata mama yake alikuja kujua mwishoni kabisa. Na swali la Jumatatu aliliandika mwaka huo huo, amevaa koti hilo hilo.

Akalia kwa sauti, bila kujizuia.

Siku ya tatu Maganga na Kalunde walimrudisha Mwamvita nyumbani. Bawabu angetolewa baada ya wiki mbili, damu ikiongezeka. Kwa sasa mwili usingestahimili kisu. Wanawake wa mtaani walikuwa wamejaa sebuleni, wamejifunika khanga zao. Bi Nyamizi alimshika mkwewe mkono akamkalisha mezani, kwenye kiti chake, akamwekea sahani.

Kiti kikapima. Jiko likawasha taa ya kijani.

"Hongera, Mwamvita!" lilisema kwa sauti ile ile tamu, na sebule nzima ikasikia. "Umerudi chini ya mstari. Matonge yako yamerejeshwa. Leo la tano linapita."

Kalunde alirukia ukutani kutafuta swichi. Hakuna swichi, yeye mwenyewe ndiye aliyesema jiko lisizimwe kamwe. Bi Nyamizi akajifunika uso kwa khanga.

Mwamvita alikata tonge, akalitazama. Kisha akala. La pili, la tatu, la nne, machozi yakimdondokea sahanini. Na la tano akalila. Alikuwa na njaa.