Kuitikia kwa Kichwa

Sokoni Semarang, mji wa pwani wa Wajava, asubuhi ile hapakuwa na pa kuweka mguu. Jamaa mmoja mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, akarudi nyuma bila kutazama akaketi juu ya sinia la Wening, muuza tofu, ile jibini laini ya soya.

"We kaka, hiyo si sofa!"

Jamaa, Parlin jina lake, aliruka. Suruali ilikuwa chapachapa. "Samahani, dada. Nazinunua zote."

"Utanunua na utakula. Aliyekalia ndiye mlaji."

Kesho yake akarudi, na keshokutwa. Alikuwa Mbataki wa Medan, kisiwa kingine ambako watu husema waziwazi, mhandisi aliyeletwa kupima jinsi mji unavyozama. Baada ya mwezi simu kati yao hazikuisha.

"Umekula, mhandisi wangu?"

"Tofu, mpenzi. Hata jasho langu sasa linanuka tofu."

Halafu ikaja karatasi ya ofisi ya mji: visima vya mtaa wa kina Wening vitafungwa, wakazi "wameelewa na kuridhia". Chini, saini ya Parlin. Nyumba ya Mama Sarmi, mama yake Wening, sakafu ilikuwa imeinuliwa mara tatu kukimbia maji ya bahari, hata mlango ukawa wa kuingia umeinama. Bomba halijafika. Walichobaki nacho ni kisima, na tofu haitengenezwi kwa mate.

Wening alipiga simu. "Mama yangu aliridhia lini?"

"Kwenye mkutano. Nilieleza saa nzima, wote wakaitikia kwa kichwa!"

"Parlin! Sisi Wajava msomi akisema tunaitikia. Ni adabu! Hata ungesema mbuzi anataga, wangeitikia."

"Si wangeuliza?"

"Waulize nini? 'Mgandamizo wa tabaka za chembechembe'! Mama alidhani unasoma dua. Usinipigie tena."

Jamani, elimu gani hii isiyoweza kuvuka kizingiti cha nyumba ya mtu? Unamfungia mama wa watu kisima kwa maneno asiyoyajua, kisha unaandika kwamba ameelewa!

Siku ya tatu Parlin aliinama mlangoni. Macho mekundu, shati halina pasi.

"Nimekuja kueleza upya."

"Eleza," Wening alifoka, akiweka jiwe juu ya kitambaa cha tofu mbichi. "Ukitaja neno moja la chuo, mlango ule pale."

Parlin aliduwaa akitazama. Maji yalitiririka, tofu ikashuka chini ya jiwe.

"Mama," akasema polepole, "ardhi yetu ndiyo hii. Maji ya ndani ndiyo yanayoibeba. Ukiyavuta, inashuka. Ikishashuka hairudi."

Safari hii Mama Sarmi hakuitikia. "Anayevuta mengi ni nani?"

"Hoteli ile mpya. Kwa siku inavuta maji yenu ya mwezi, mtaa mzima."

"Nayo inafungiwa?"

"Hapana."

"Uliliandika hilo?"

"Ukurasa wa arobaini. Kwa maneno magumu."

"Kumbe ulituficha!" Mama Sarmi, ambaye maishani hajampandishia msomi sauti, alisimama. "Sisi na ndoo zetu tufungiwe, wao waoge!"

"Ndivyo tulivyofundishwa kuandika, mama. Sikujiuliza yanamficha nani. Nimekosa."

Jumatatu aliingia ofisi ya mji na jiwe, kitambaa na tofu, wanawake wa mtaa nyuma yake. Akaeleza vilevile, akafuta saini yake. "Hawakuridhia. Niliyekosea ni mimi." Bwana mkubwa mmoja akanuna: "Haya ni maneno ya sokoni." Mama Sarmi akamuuliza swali lake la hoteli, naye akaanza kutafuta miwani iliyokuwa usoni pake.

Visima vikaachwa mpaka bomba lifike. Suala la hoteli, walisema watalitazama. Watalitazama! Parlin, yeye, akaambiwa asirudi kazini.

Parlin na Wening wakakaa kwenye ngazi za ofisi, suruali ya Parlin imelowa tena maji ya tofu.

"Sina kazi, Wening. Utakubali nikuoe?"

Macho yalimjaa machozi. Akaitikia kwa kichwa.

"Thubutu! Kichwa cha Mjava sikiamini tena. Sema kwa mdomo."

"Nimeelewa, we Mbataki," akasema Wening, akicheka na kulia, "na nimeridhia."

"Ngojeni kwanza," Mama Sarmi akasema nyuma yao. "Mimi nina maswali."