Vichupa Tulivyovizika Werugha

Naitwa Wakio. Nauza nyanya na vitunguu karibu na stesheni ya Voi. Kusoma nimejifunza ukubwani, katika darasa la ngumbaru. Mwalimu wetu alisema kila mtu aandike jambo moja la kweli kutoka nyumbani kwake. Wenzangu wameandika juu ya kuku na kuchimba choo. Mimi naandika juu ya mdogo wangu, Tryphena. Wewe unayesoma polepole kama mimi, nenda taratibu. Si hadithi tamu.

Tryphena alikuwa mwalimu wa darasa la pili. Mumewe alifariki mapema, akamwachia mtoto mmoja, Wakesho. Tuliishi sote watatu katika vyumba viwili. Asubuhi mimi naosha nyanya zangu, yeye anamsuka mtoto nywele na kunicheka.

"Dada, hizo nyanya unazisugua hivyo, zinaenda kubatizwa?"

"Nyamaza, mwalimu. Ndizo zinazokununulia sukari."

Ndivyo alivyokuwa. Mdomo wake haukuwa na likizo.

Mwezi wa tatu mwaka 1983, alinishika mkono akauweka kwenye titi lake la kushoto.

"Unasikia?"

Nilisikia. Kulikuwa na kitu kigumu, kama njugu mawe. Hakikumuuma. Lakini Tryphena hakungoja kimuume. Kesho yake alienda hospitali. Nalisema hili kwa heshima yake, maana watu wa hapa walimsema vibaya baadaye. Aliyechelewesha mambo si yeye.

Daktari alimpasua, akautoa uvimbe. Sista Awuor, muuguzi aliyetoka Siaya kuja kufanya kazi kwetu, akaniita kando. Tulijuana, alikuwa mteja wangu wa nyanya. Akanipa thamosi, ile chupa ya kuwekea chai. Ndani hakukuwa na chai. Kulikuwa na barafu, na vichupa viwili vidogo.

"Dada Wakio, hivi ni vipande vya ule uvimbe. Kimoja kiko kwenye maji ya dawa. Kingine kiko kwenye barafu. Panda treni leo, uvipeleke maabara Mombasa. Leo, sio kesho. Wakivipokea, watakuandikia risiti. Niletee hiyo risiti."

Siku hizo jamaa wa mgonjwa ndiye aliyebeba. Nikasema sawa.

Nilipitia nyumbani kuchukua leso. Mama yetu alikuwa ameshuka kutoka Werugha, kule milimani, kuja kumuuguza binti yake. Alikuwa anakoroga uji.

"Hiyo chai ya nani?" akauliza.

"Si chai, Mama. Ni nyama ya Tryphena. Naipeleka Mombasa ikapimwe."

Mama akaweka mwiko chini.

"Nyama ya mtoto wangu? Wakishaipima, wataitupa wapi? Jaani?"

"Sijui, Mama."

"Hujui, na unaibeba! Kitovu cha Tryphena nilikizika kwa mkono huu, chini ya mgomba wangu. Meno yake ya utoto yako palepale. Leo kipande chake kikalale ugenini, na yeye apone vipi? Mtu hatawanywi, Wakio."

Ningeweza kubisha. Nilikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na moja. Lakini na mimi nilikuwa na woga wangu. Nilijiambia, kama Mombasa hawataiona hiyo nyama, basi hawatatuandikia jina baya. Fikiria ujinga huo! Kana kwamba ugonjwa unangoja kuandikwa.

Hatukupanda treni. Tulipanda basi la Werugha. Mama akachimba chini ya mgomba, akaviweka vile vichupa, akaomba Mungu, akafukia. Mimi nikamwaga barafu. Nikaiosha thamosi vizuri. Siku ya pili nikairudisha hospitali ikimeta.

"Risiti iko wapi?" Sista Awuor akauliza.

"Hawakunipa."

Alinitazama kidogo. Halafu akaitwa wodini, akaenda.

Tryphena alikuwa kitandani, amefungwa bandeji. "Umefikisha, dada?"

"Nimefikisha."

"Asante."

Ile asante inanichoma mpaka leo.

Kila Ijumaa baada ya shule Tryphena alipitia hospitali kuuliza majibu. Kila Ijumaa aliambiwa bado. Mimi nilikuwa na maneno yangu tayari. "Wangeona kitu kibaya wangeandika haraka. Ukiona kimya, jua ni kwema." Akaniamini. Kidonda kilipona. Akarudi kwa watoto wake wa darasa la pili. Sista Awuor aliandika barua Mombasa. Hawakujibu, akaandika tena.

Mwezi wa nane Tryphena alishindwa kuinua mkono kuandika ubaoni. Mgongo ukawa unamuuma hata akilala. Kwapani kukatokea uvimbe mwingine. Wakamlaza.

Siku moja Sista Awuor alinitumia mtu sokoni niende wodini. Nilimkuta amesimama kando ya kitanda cha Tryphena, na barua mkononi. Akaisoma.

"Wanasema hawajapokea kitu chochote kwa jina hilo." Akaikunja barua. "Dada Wakio, ile thamosi uliipeleka wapi?"

Tryphena alinitazama. Nilitaka kusema nilipanda treni, nikataka kusema wamevipoteza wenyewe. Ulimi ukakataa.

"Werugha," nikasema. "Tumevizika. Mimi na Mama."

Sista Awuor akavuta stuli, akaketi.

"Wacha niwaambie vile vipande vilikuwa vya nini," akasema. "Sisi kwa macho tunaona uvimbe tu. Huko maabara wanakata kipande chembamba sana, wanakitazama kwa darubini. Kwanza wanajua kama ni kansa. Pili wanajua ukali wake. Kuna kansa ya polepole na kuna ya mbio. Ya mbio haitaki kungoja hata mwezi."

"Na kile cha barafu?" Tryphena akauliza. Alikuwa mwalimu mpaka pale.

"Mwili wa mwanamke una homoni. Kansa nyingine ya titi inakula hiyo homoni. Ni kama ina midomo midogo midogo ya kunyonya. Wanapima midomo hiyo. Ikiwa mingi, kuna vidonge vya kuiziba, na kansa inakosa chakula. Ikiwa haina midomo, vidonge hivyo ni bure, unatafutiwa dawa nyingine mapema. Kipande ndicho kinachotuambia njia ya kufuata. Bila hicho tunabahatisha."

"Sasa si mnikate kingine?"

Sista Awuor aliinamisha kichwa. "Daktari anasema mapafu yamejaa maji. Hutaweza kupasuliwa tena."

Tryphena akanigeukia. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Uliogopa kichupa, dada. Kunizika mimi hukuogopa."

Nilianguka magotini pale wodini, mbele ya wagonjwa wote. Nililia mpaka wakaniondoa.

Walimpeleka Nairobi. Madaktari wakabahatisha. Walianza na dawa kali za kudungwa kwenye mshipa, maana muda ulikuwa mfupi. Nywele zikanyonyoka, akawa anatapika hata maji. Ugonjwa haukurudi nyuma hata hatua moja. Kisha wakajaribu vile vidonge, lakini vidonge vinataka majuma mengi, na sisi majuma hatukuwa nayo. Alifariki mwezi wa pili, mwaka 1984.

Tulimzika Werugha, kando ya mgomba. Basi, Mama alipata alichotaka. Tryphena hakutawanywa. Yuko pamoja na kitovu chake, na meno yake, na vichupa vyake.

Mama hakuzungumza karibu mwaka mzima. Mimi nilimchukua Wakesho. Nikajiandikisha ngumbaru, kwa sababu kwenye ile thamosi kulikuwa na karatasi imebandikwa, na mimi sikuweza kuisoma. Sasa najua ilisema nini. Sista Awuor aliniambia. Iliandikwa: HARAKA.

Mwaka 1986, nikioga, mkono wangu ulisimama chini ya titi la kulia. Njugu mawe ileile.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya bafu. Nilisema moyoni, lipa sasa, Wakio. Nilitaka kuuacha uvimbe huo hivyohivyo, niuone kama adhabu yangu. Lakini Wakesho aligonga mlango.

"Mama mkubwa, mbona umekawia? Unaumwa?"

Alikuwa na miaka kumi na miwili. Amezika baba, amezika mama. Nikavaa nguo, nikaenda hospitali siku ileile.

Nilipopasuliwa, Sista Awuor alitoka na thamosi mkononi. Akawatazama watu wetu pale nje, hakujua ampe nani. Mama akasimama. Alikuwa amekaribia miaka sabini.

"Nipe mimi," akasema.

"Mama," Sista Awuor akasema kwa upole, "safari hii..."

"Nipe mimi, nimesema. Nani mwingine anajua ubaya wa kutokufika?"

Alipanda treni ya Mombasa, thamosi mapajani. Aliniambia baadaye kuwa mwanamke mmoja alimwomba chai. Mama akamwambia, "Chai hii, wewe na mimi tusiinywe kamwe," akaikumbatia mpaka mwisho wa safari. Maabara walipoipokea hakuondoka. Alisimama mezani pao mpaka wakaandika jina langu kwenye kitabu chao na kumpa risiti yenye muhuri. Aliirudisha imefungwa kwenye pindo la leso, mafundo matatu.

Na hatukukaa kimya kungoja. Kila Jumatatu Mama alienda kuuliza. Majuma manne yakapita, majibu yakaja. Nikamwambia Wakesho aisome barua yao ya Kiingereza, na Sista Awuor akatueleza.

"Ni kansa. Ukali wake ni mdogo, ni ile ya polepole. Na midomo ni mingi sana. Vidonge vitakufaa, Dada Wakio. Sio kiapo, mimi siwezi kukuapia. Ni kipimo. Lakini hatubahatishi."

Nililia. Wakesho akanishika shingo. Mama peke yake hakulia wala hakucheka. Alimsogelea Sista Awuor, akasema kwa sauti ndogo.

"Mwanangu, nikuulize. Kile cha Tryphena najua mahali kilipo. Nikikichimbua leo, bado kinaweza kusema?"

Sista Awuor alimshika mikono yote miwili. "Hapana, Mama. Kilishaoza."

"Hata kidogo tu? Nijue tu kama vidonge vingemfaa?"

"Hapana, Mama."

Mama akatikisa kichwa mara nyingi, kama mtu anayehesabu. Kisha akaketi.

Sasa ni mwaka 1989. Bado nauza nyanya. Akina mama wa sokoni wananijua. Yeyote akiambiwa apeleke kipande maabara, namwuliza risiti kabla sijamwuliza hali. Wengine wananiona nina kisirani. Wacha waone. Watatu wamefikisha, na wawili kati yao wako hai, wananunua vitunguu kwangu na kulalamika bei.

Kila asubuhi nameza kidonge changu. Wakesho hunipa maji kwenye kikombe cha mama yake. Ananitazama mpaka nimeze. Siku moja ataniuliza kama mama yake naye alikuwa na ile midomo, kama kidonge hiki kingemponya. Ni swali la haki. Jibu lake lilikuwepo. Nililishika kwa mikono yangu, likiwa kwenye barafu, na nikaenda kulifukia.