Maiti Chini ya Tao la Newala

January, mlinzi wa tao, alikutwa amelala kifudifudi kwenye kokoto, mkono mmoja umekunjika mgongoni. Wanawake waliokuwa wakipanda na maji kutoka bondeni ndio waliomwona, alfajiri. Hakuna aliyepiga kelele. Walitua ndoo barabarani, wakakimbia, na maji waliyoyabeba kilima kizima wakayaacha pale pale.

Tao lilikuwa jipya. Abdulkadiri, aliyepata utajiri tangu watu binafsi waruhusiwe kununua korosho, alilijenga juu ya barabara ya Masasi, ukingoni mwa uwanda. Nguzo mbili nene za zege zilipanda zikakutana angani. Juu kabisa aliweka hoteli ya chakula na roshani ya kutazamia mabonde mpaka Msumbiji. Wageni walipanda kupiga picha. Wenyeji walipita porini, wakilizunguka. Upepo ukiingia kwenye vyuma vya roshani ulilia, na wengi walisema ule si upepo.

Inspekta Ladislaus alifika kutoka Masasi na Koplo Luka, pamoja na Daktari Mabel wa hospitali ya Mkomaindo. Alimwacha daktari kwenye maiti, mwenyewe akaenda kituoni, maana aliambiwa huko kuna moto mwingine.

Watu walikuwa wameujaza uwanja wa kituo. Walikuwa kimya, na kimya kile ndicho kilichomtisha. Ndani ya mahabusu alikuwemo Bibi Claudia, mjane mkongwe. Yeye ndiye aliyekuwa akienda chini ya tao kuweka unga wa tambiko, na wiki hiyo hiyo alimwambia January mbele za watu kwamba tao litammeza. Basi likawa limemmeza. Mkuu wa kituo alimfungia bibi ili asichomwe, lakini askari wake walikuwa wachache mno.

Mtu mmoja mwenye dumu la petroli alimsogelea inspekta kwa adabu.

"Shikamoo, afande. Hatuna ugomvi na serikali. Jua likizama, mtupe bibi yetu."

Hakulificha dumu.

Ladislaus aliingia mahabusu, akachuchumaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nachomwa leo?"

"Ulimwambia January litammeza?"

"Nilimwambia. Alikuwa mchimbaji wa msingi kabla ya kupewa ulinzi. Alichimba makaburi yetu akicheka. Ulitaka nimwambie asante?"

"Ulipanda juu jana?"

"Kwa miguu hii? Kitandani kwenyewe napandishwa."

Akaeleza kwamba tajiri alipopewa kiwanja, wenye makaburi waliitwa wakahamishe wafu wao. Walihamisha wakubwa. Vichanga havikuhamishwa, maana kaburi la kichanga halina alama. Ajuaye ni mama yake tu.

Inspekta alirudi kwenye tao. Jua lilikuwa limeshapita utosini.

"Alipigwa kwanza, akaanguka baadaye," alisema Daktari Mabel. "Kisogoni, kwa kitu kizito cha mviringo. Damu ilimwagika huko juu, si hapa."

Wakapanda. Abdulkadiri aliwapokea kwenye ngazi, akiwa amefika kutoka Mtwara asubuhi ile, na neno lake la kwanza lilikuwa lini ataruhusiwa kufungua, kwa kuwa kuna wageni wamekwisha agiza chakula. Wakampita.

Roshani nzima ilikuwa na vumbi jekundu, isipokuwa sehemu moja kando ya vyuma. Hapo sakafu iling'aa. Daktari aliinama, akapitisha pamba kwenye ufa wa sementi. Pamba ikatoka na wekundu usio wa vumbi.

"Palioshwa," alisema Luka, ambaye kwao ni Mwanza. "Maji akayamwaga huko chini, basi, ushahidi umekwenda."

Ladislaus aliinamia vyuma. Ukuta wa nje ulikuwa na vumbi lake kamili, bila mchirizi hata mmoja. Yeye alizaliwa huku huku uwandani, Chilangala. Utoto wake wote mama yake aliteka maji bondeni, na ya kunawia uso yaliosha vyombo, na ya vyombo yakanyweshwa mbuzi.

"Wewe umekulia ziwani, Luka. Mtu wa huku hamwagi maji mwezi wa kumi. Hata kama ameua. Mkono wenyewe unakataa."

"Sasa ameyapeleka wapi?"

"Twende jikoni."

Chini ya meza ya jikoni palikuwa na ndoo iliyofunikwa ungo. Maji yake yalikuwa na povu lililokufa na rangi ya waridi. Nyuma ya ndoo ulisimama mchi, umesuguliwa kuliko vyombo vyote. Daktari aliutazama mwisho wake, akatikisa kichwa kukubali.

Ufunguo wa jikoni alikuwa nao mpishi, Theodora, mwanamke wa makamo, mpole, wa kanisani kila Jumapili. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani.

"Jana jioni nani alibaki?"

"Mimi na January."

"Ndoo hii ya nani?"

"Yangu."

"Maji yake ni ya nini?"

Upepo ulilia kwenye vyuma. Ladislaus alivuta kigoda kingine, akakaa.

"Wote hapa wanakuita jina lako, kama mtoto. Mimi nikuite mama nani?"

Yule mwanamke aliinua uso.

"Mama Julia," alisema. "Hukupata kumwona. Hakumaliza mwezi."

Baada ya hapo hakuhitaji kuulizwa sana. January alikuja jikoni kuomba ukoko, akaanza masihara. Akasimulia kwamba siku za msingi alikuta vifupa kama vya kuku, vimezungukwa na ushanga. Akaona uvivu kumwita mtu. Akavitupa kwenye zege.

"Ulijuaje ni wako?"

"Ushanga niliutunga mimi. Mwekundu wote, na punje moja ya bluu. Aliitaja ile ya bluu kabla sijamwuliza."

"Kwa nini hukumhamisha mapema?"

"Nilikuwa Masasi, nauguza. Niliporudi nguzo zimeshasimama. Nikaomba kazi hapa, niwe karibu naye."

"Ukampiga kwa kuwa alicheka?"

"Nilimwuliza ni nguzo ipi. Nikamfuata mpaka roshani na mchi mkononi, nikamwuliza tena. Akanipa mgongo, akasema, chagua mwenyewe."

"Na Bibi Claudia? Ungemwacha achomwe?"

"Tangu asubuhi namwomba Mungu anipe miguu ya kufika kituoni. Hakunipa, afande. Amekuleta wewe."

Jua lilikuwa limekwisha kuwa jekundu Ladislaus aliposimama mlangoni mwa kituo na kuwaeleza watu yote, hata habari ya ushanga. Mwenye dumu aliliweka chini. Bibi Claudia alitolewa akishikwa mikono, akapita katikati yao, na hakuna aliyemwomba radhi. Wanawake wachache walikuwa wameziba vinywa kwa kanga. Nao walikuwa na vichanga vyao pale.

Land Rover ilishuka kuelekea Masasi. Karibu na tao, Theodora aliomba waende polepole, na dereva akapunguza mwendo. Alitazama nguzo ya kushoto, akatazama ya kulia, pingu zikigongana mapajani.

"Ni ipi, afande?"

Gari likapita katikati.